Nilivyokaanga Mbegu ya Mama Nieves

Ndiyo, alikuwa yeye.

Yule mwanaume anayekula mahindi ya kuchoma mbele ya depo yake, katika makala yangu mliyopitishiana huku mkicheka, ni papa Kambale. Nimelikana hilo mbele yenu, wenzangu, kila Alhamisi tulipokutana. Nilisema ni mtu wa kubuni. Nilisema ni mfano wa mfanyabiashara wa mjini. Mara moja, mliponibana sana, nilisema nimechanganya wanaume kadhaa nikapata mmoja. Sikuchanganya chochote. Ni mwanaume mmoja, aliyefiwa na mke, mwenyeji wa Butembo, mwenye depo ya unga na maharagwe hapa Kisangani, nyuma ya soko kuu. Ana namna yake ya kung'oa punje za mahindi kwa kidole gumba, mstari baada ya mstari, bila kuligusa gunzi kwa meno. Mimi, mama mtu mzima mwenye shahada ya fasihi, nimeitazama namna hiyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa utafiti.

Makala hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka Peru. Mnaikumbuka: niliyatukana mahindi toka mwanzo hadi mwisho. Niliandika kwamba mimi ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya mto, nimekulia lituma, yaani ndizi za kuponda, na samaki, na kwamba mahindi ni chakula cha kuku, cha mapipa ya lotoko, ile pombe kali ya magendo, na cha watu waliokosa ndizi. Mtu fulani akaitafsiri. Huko milimani, karibu na mji wa Cusco, kikundi cha wanawake wakulima walikuwa wanaalika watu wanaoandika juu ya chakula. Walisomewa makala yangu, nadhani kwa haraka, wakaelewa kwamba nayapenda mahindi kupita kiasi. Wakanialika. Sikuwasahihisha.

Siku moja kabla ya kuondoka, papa Kambale alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa chai, akasema:

—Mama Béa, miye ninataka tuoane. Utashika depo, tutakaa muzuri. Batoto bangu kule Butembo banasema nirudi, juu ya vile niko peke yangu huku. Donc ukikataa, nitafunga, nitaenda. Ukikubali, ninabaki.

Nilimwambia nitamjibu nikirudi. Akasema bon, akaenda.

Sasa mnajua nilichokuwa nimebeba kizito kuliko sanduku. Maneno mawili yale, "utashika depo", yalinikaa akilini. Marehemu mkewe namkumbuka vizuri: alikuwa daima nyuma ya mizani, mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Papa Kambale alitaka mke, au alikuwa anatafuta mtu wa kupima unga? Hilo ndilo swali nililovuka nalo bahari.

Kisangani hadi Kinshasa

Papa Kambale alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Bangoka. Ndege ilichelewa kwa sababu ya mvua. Mvua ilipoisha, ikachelewa kwa sababu ilikuwa haijatoka ilikotoka. Baadaye ikawa inachelewa tu, bila sababu, na watu wakazoea.

Nilimwomba aende akafungue depo. Akakataa. Tulikaa kwenye benchi moja na mama mmoja mnene mwenye liboke za samaki, waliofungwa na kupikwa kwenye majani, ndani ya kikapu, aliyekuwa anampelekea binti yake Kinshasa. Harufu ikamshinda mwenyewe, akafungua moja, akatugawia.

—Papa, ule —akamwambia Kambale—. Na bibi yako ale.

—Haiko bibi yangu —akasema papa Kambale, kwa utulivu wa mtu anayetaja bei—. Ninangoja jibu.

Yule mama akanigeukia na mdomo umejaa.

—Na weye mama, unangoja nini? Ndege?

Nikajifanya nina mfupa wa samaki kooni. Papa Kambale akanipa maji. Tuliitwa kupanda jua likiwa limeshateremka, na katika kuagana akaniwekea mkononi mfuko wa mahindi ya kukaanga yaliyochanganywa na karanga.

—Ya njia —akasema—. Huko batakulisha vitu vya ajabu.

Kinshasa hadi Lima

Safari yenyewe ni ndefu na haina hadithi nyingi. Unakaa, unalishwa, unashuka, unakaa kwenye ukumbi wenye baridi, unapanda tena. Upande mmoja wa njia nilikaa na kijana wa Kinshasa aliyekuwa anaenda São Paulo kununua nguo za kuuza. Aliniuliza kwa Lingala ninaenda wapi.

—Peru. Kuangalia mahindi.

—Masangu? —akacheka mpaka mhudumu akatazama—. Tantine, masangu ya kwetu imeisha?

Nilimpa konzi ya mahindi ya papa Kambale. Akatafuna, akanyoosha mkono tena, na akaniuliza nani ameyakaanga, maana yamekaangwa na mtu mwenye subira. Nikasema ni jirani. Hata angani, mbele ya mtu nisiyemjua, nilikana.

Lima ilinipokea kwa kosa la kwanza. Clara, mwanamke aliyetumwa kunipokea na aliyekuwa mkalimani wangu kwa Kifaransa siku zote zile, alinipeleka kula. Wakaleta jagi la kinywaji cha rangi ya zambarau iliyoiva. Nikafurahi sana.

—Ngai-ngai! —nikasema—. Hata ninyi mnachemsha ngai-ngai!

Nikamweleza Clara kwa urefu jinsi sisi tunavyofanya: majani yanapikwa, maua mekundu yanatengenezwa kinywaji. Nikamwambia pia, kwa heshima, kwamba wao wameweka mdalasini kidogo zaidi ya inavyopasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda jikoni, akarudi na gunzi la mahindi jeusi kama kaa la moto lililozimwa. Akalisugua kwa kidole chenye maji, kidole kikawa cha zambarau.

—Ni mahindi —akasema—. Yanachemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu. Ndimu inakuja mwisho.

Hivyo ndivyo mgeni mtaalamu wa mahindi alivyoanza kazi.

Cusco hadi bondeni

Cusco iko juu mno. Mtu wa Kisangani, aliyezoea hewa nzito unayoweza karibu kuitafuna, anashuka pale anakuta hewa imepunguzwa. Nilipanda ngazi za nyumba ya wageni kama mtu aliyebeba gunia. Wakanipa chai ya majani ya koka. Kichwa kikaendelea kuuma, ila sasa kiliuma kwa adabu.

Kesho yake tulipanda basi dogo kwenda bondeni. Njiani tulisimama: kijiji kizima kilikuwa barabarani kinacheza nyuma ya sanamu ya mtakatifu, na tarumbeta, na ngoma. Dereva alizima gari, akavuta kofia usoni, akalala. Hakuna aliyelalamika. Mimi tu ndiye niliyetazama saa, kisha nikaona aibu, maana natoka Bangoka.

Wanawake wakapita madirishani na masufuria yaliyofunikwa vitambaa. Ndani kulikuwa na mahindi mabichi ya kuchemsha, ya mwisho wa mavuno, na kila hindi linauzwa na kipande cha jibini nyeupe yenye chumvi. Nilipolishika niliogopa. Punje zilikuwa kubwa kama kucha za kidole gumba, nyeupe, zimekaa legelege kwenye gunzi. Niliuma kama tunavyouma kwetu. Juisi ikamrukia bibi kizee aliyekaa pembeni yangu.

Bibi huyo hakusema kitu. Alichukua hindi langu, akalishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole gumba cha kulia akaanza kung'oa punje, mstari baada ya mstari, akiniwekea kiganjani pamoja na vipande vya jibini. Nililazimika kutazama dirishani kwa muda. Nilikuwa nimekwenda upande wa pili wa dunia, na kidole gumba cha Butembo kilikuwa kimenitangulia.

Nyumbani kwa mama Nieves

Mwenyeji wangu aliitwa Nieves. Clara alimwita doña. Mimi nilimwita mama, naye akakubali baada ya kuelezwa. Ni mwanamke mfupi, wa umri wangu, mwenye kofia ndefu nyeupe asiyoivua hata jikoni. Mumewe, papa Eusebio, anaongea kidogo na anatabasamu sana.

Siku ya kwanza nililishwa. Kulikuwa na mote, yaani mahindi yaliyochemshwa na majivu mpaka ganda likabambuka, yakaoshwa, yakachemshwa tena yakafumuka. Yanaliwa mahali sisi tungeweka foufou, ugali wetu. Kulikuwa na humita: mahindi mabichi yaliyosagwa, yakafungwa kwenye maganda yake na kupikwa kwa mvuke. Nilipoona kifurushi kile nikasema "liboke!" na safari hii sikukosea sana. Kulikuwa pia na mahindi ya kukaanga kwenye chungu, ya aina iitwayo chullpi, yenye punje zilizokunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Chullpi ni ya kukaanga. Ile kubwa nyeupe ni ya mote. Ile nyeusi ni ya kinywaji. Kwao kuuliza "mahindi" tu ni kama mtu aje soko kuu la Kisangani aombe "samaki" na anyamaze.

Nyuma ya nyumba, juu ya majani makavu, kulikuwa na mahindi yaliyolowekwa yakaachwa yaote. Niliinama. Ile harufu naijua. Inatoka nyuma ya nyumba nyingi za mkoa wetu wa Tshopo, na polisi wanaijua pia.

—Kimera —nikasema.

Mama Nieves akaniuliza kupitia Clara kama kwetu wanawake wanaotengeneza pombe ya mahindi nao wanatundika bendera nyekundu mlangoni, watu wajue leo ipo. Nilisema hapana, kwetu wanafanya kila njia watu wasijue, na watu wote wanajua. Alicheka sana.

Mchana wanawake wa kikundi walikuja, wakakaa uani, na Clara akasoma makala yangu kwa lugha yao. Nilikaa nikingoja matusi yangu yafike. Alisoma kwamba mahindi ni chakula cha kuku. Kisha mmoja akauliza jambo, na wote wakanitazama.

—Wanauliza —akasema Clara— huyo mwanaume ni nani.

—Mwanaume gani?

—Anayekula mahindi. Wanasema anayechukia mahindi hawezi kumtazama hivyo mtu anayeyala.

—Ni mtu wa kubuni —nikasema.

Clara akatafsiri. Wakacheka mpaka kofia zikatikisika. Mama Nieves akauliza swali moja tu, bila kucheka:

—Ana ghala?

Nikasema ndiyo, ana depo, na anataka niishike. Nilisema kwa uchungu, nikitegemea anihurumie. Badala yake akawageukia wenzake, wakaongea kwa muda mrefu, na Clara akakataa kunitafsiria.

Ghalani

Hapa ndipo nilipoharibu.

Asubuhi ile mama Nieves na Clara walikuwa wamekwenda kwa jirani. Wageni wengine walikuwa njiani, na papa Eusebio alitaka kukaanga mahindi. Alisimama mlangoni mwa ghala na kikapu kitupu. Alisimama tu. Akatazama ndani, akatazama barabara, akakaa juu ya jiwe na kikapu magotini.

Mnajua tulivyolelewa. Kwetu mwanamke mgeni anayekaa akitazama mwenyeji anahangaika, huyo atasemwa mpaka mazishi yake. Unafika, unaweka mkoba, unauliza kisu kiko wapi. Mwanaume na kikapu kitupu mlangoni: kwa macho yangu alikuwa anaomba msaada. Nikachukua kikapu. Alisema kitu, nikamwambia kwa Kifaransa asijali. Akasema tena, kwa sauti ya juu kidogo. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nyumbani nina jiko pia.

Ghalani mahindi yalikuwa yamepangwa marundo kwa rangi. Lakini juu, kwenye boriti, yalining'inia mazuri kuliko yote, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yao: meupe, kila punje na mistari myekundu kama machozi ya damu. Nikafikiri, wageni wanapewa kizuri. Nikaangusha jozi kadhaa, nikayapukuchua kwa dakika chache, nikaweka chungu motoni. Papa Eusebio alibaki mlangoni akishika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliye mazishini.

Mama Nieves alirudi mahindi yakiwa yanapasuka chunguni. Alinusa, akatazama boriti, akatazama magunzi. Hakunikaripia. Alimgeukia mumewe.

—Umemwachaje aingie?

—Ningemtoaje? —akasema papa Eusebio—. Mimi siingii.

Ndivyo nilivyojua, Clara akitafsiri kwa sauti ya chini. Yale yaliyofungwa mawili mawili yalikuwa mbegu, na ile ya machozi ya damu ilitoka kwa mama yake Nieves; hakuwa na nyingine. Katika nyumba ile ghala ni la mke. Mume analima, anavuna, analeta mpaka mlangoni, basi. Hata njaa ikimkamata anaita, na kama mke hayupo anakaa juu ya jiwe.

Niliomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua. Mama Nieves alichukua punje moja iliyopasuka, akaitafuna.

—Tamu —akasema—. Ni kavu kidogo. Twende.

Tulipanda mlima kwenda kwa dada yake, yeye mbele, mimi nyuma nikihema kama mpira wa baiskeli uliotoboka. Huko dada yake aliingia ghalani mwake peke yake, akatoka na jozi za mbegu ileile, kwa sababu mama yao aliwagawia wote wawili. Hakukuwa na mjadala. Dada alinitazama tu, akasema kitu, wakacheka.

—Anauliza —akasema Clara— kama wewe ndiye unayelia kwa sababu mwanaume anataka kukupa ghala.

Wakati wa kushuka nilimuuliza mama Nieves kama hachoki na kazi ile, kuchagua, kukausha, kugawa, kuhesabu mpaka mavuno mengine. Alisema anachoka sana. Alisema pia kwamba mumewe ni mkubwa kuliko yeye, ana nguvu kuliko yeye, na alipokuwa kijana alikunywa vibaya. Lakini hajawahi kuuza kikapu kimoja bila yeye kujua. Kisha akaniuliza:

—Yule wa kwako, akiuza, anamuuliza nani sasa?

Nilisema sijui. Sikupata mwanga wowote mlimani, nawaambia ukweli, nilipata malengelenge. Lakini swali hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejiuliza kama papa Kambale alitaka kunitumia. Sikuwa nimejiuliza kama alikuwa anajaribu, kwa maneno yake machache ya mtu wa magunia, kunipa kitu. Na bado sikujua. Marehemu mkewe alikuwa na unga kwenye nyusi, hilo nililiona kwa macho yangu. Kitu ambacho sikuwahi kufanya ni kumuuliza mtu yeyote.

Kinshasa, nikirudi

Ndege ya Kisangani haikuwepo. Ingekuwepo kesho, wakasema. Na kesho yake wakasema vilevile. Nilikuwa ukumbini, nimekaa juu ya sanduku langu kati ya watu wa kwetu waliokwama pamoja nami, wakati mmoja wenu, sitamtaja, aliponitumia ujumbe: "Papa Kambale anatoa magunia kwenye depo toka asubuhi. Camion ya kubeba mizigo iko mbele ya mlango."

Nilipiga. Sauti ilikatika, ikarudi. Nilisikia watu wakipakia.

—Papa Kambale, unaenda?

—Mama Béa! Uko wapi?

—Kinshasa. Ninasema, unaenda Butembo?

—Nani alikuambia? Paa inavuja. Ninatoa unga nitengeneze paa. Ungekuwa huku ungeniambia zamani.

Nikavuta pumzi. Mama mmoja aliyekaa kwenye beseni lililopinduliwa aliacha kufunga nywele za mtoto wake ili asikilize vizuri.

—Papa, ninataka kukuuliza kitu. Uniambie kweli. Unatafuta bibi, ao unatafuta mutu wa kupima unga?

Nikasikia anawaambia wapakiaji waweke magunia chini, wangoje.

—Mutu wa kupima iko. Mutoto ya dada yangu anapima, tena anapima muzuri. Ile marehemu alikuwa anapima juu ya vile alipenda; nilimukataza, akanifukuza kwenye depo yangu mwenyewe. —Nikasikia anacheka kidogo—. Mama Béa, mutu wa kupima niko naye. Mutu wa kuniambia hapana ndiye sina. Toka alikufa, ninanunua mubaya, ninauza mubaya, na hakuna mutu wa kugombana naye. Weye unasoma, unaandika, unanitukana kwenye makala, mutaa muzima unasoma. Nikasema, ule mama ataweza.

—Ulijua ni wewe?

—Alors? Nani mwingine anakula vile?

Watu wote wa upande wetu wa ukumbi walikuwa wamenigeukia. Nikajifunika mdomo kwa kitenge.

—Bon —nikasema—. Ndiyo.

—Nini?

—Ninasema ndiyo.

—Allô? Mama Béa, réseau iko mubaya. Unasema nini?

Nikasimama wima, mimi niliyekana mbele yenu, angani, na mlimani, nikapaza sauti kama ninaita mtu ng'ambo ya mto:

—NDIYO! NINAKUBALI! NITAOLEWA NA WEYE!

Watu wakapiga makofi. Yule mama wa beseni akapiga vigelegele, mtoto wake akaanza kulia, na askari akaja kuangalia kuna nini. Nilirudisha simu sikioni. Upande wa pili sauti ilikuwa safi kabisa, haikukatika hata neno moja.

—Nilisikia tangu ya kwanza —akasema papa Kambale.